Mapacha wa Karakana Moja

Fundi wa bunduki alichomoa mitutu miwili kutoka kwenye kitako, akaigeuza tumbo juu, na moyo ukamruka kwa furaha mbaya.

Mdogo wake alikuwa ameileta bunduki hiyo ili ajue ni nani hasa aliyeiunda. Ubavuni ilichorwa jina kubwa la ng'ambo, kumbe jina la kuigiza. Chini ya mitutu palikuwa na muhuri mdogo wa nyota na nyundo, ule ule uliokuwa kwenye bunduki ya fundi, ile isiyo na jina. Baba ndiye aliyewarithisha bunduki hizo, yenye jina akampa mdogo, na miaka yote kijicho kilikuwa kikimla kaka mtu.

"Kitendawili!"

"Tega, kaka."

"Mapacha wawili, mmoja kaazima jina la tajiri."

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Bunduki yako na yangu! Karakana moja, muhuri mmoja. Uliniringia bure, bwana."

Mdogo mtu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mzee alitugawia sawa kwa sawa!"

Fundi naye alicheka, akaokota kitako ili airudishe mitutu. Kidole gumba kikazama kwenye kibonde laini. Rangi ilikuwa imelika pale shavu la baba lilipolala kila alipolenga, msimu baada ya msimu. Kitako cha ile bunduki yake yeye kiling'aa kama kimetoka dukani jana.

"Basi tubadilishane," alisema, hacheki tena.

"Si umesema ni zile zile?"

 Fundi hakukiachia kitako.