Dole Gumba

Wifi yake alitoka mbio kwenda kumwita mkuu wa maabara, vigelegele vyake vikisikika hadi mwisho wa korido. Mkemia akabaki peke yake na skrini.

Mistari ilikuwa miwili, mmoja umepanda, wa pili umejilaza. Yeye na wifi kila mmoja alitengeneza chembe zake za platini. Za mmoja wao zilikuwa laini, zimetawanyika vizuri, zinaunguza spiriti na kutoa umeme. Za mwenzake zimegandana madonge kama unga uliokorogwa na mvivu.

Vijiti viwili vilivyopakwa chembe hizo vilifanana kama mapacha, na aliyevichovya kwenye spiriti ni wifi. Kwa shangwe ile, nani angeuliza kilichoshinda ni cha nani?

Roho ilimuuma. Mke wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika pipeti! Ameshamchukua kaka, sasa anataka na maabara.

Kijiti kilichoshinda kilikuwa bado kinachuruzika, nchani kina doa jeusi dogo kuliko punje ya mtama. Mafuta ya kidole tu yangetosha kuziba chembe zile, zisiguse spiriti tena.

Akavua glavu. Akabonyeza dole gumba kwenye doa, akasugua polepole.

Mlango ukafunguliwa.

“Wifi, umeshaiona mistari?” Mke wa kaka alimrukia shingoni. “Wangu umelala chali, lakini wako, we acha tu! Bosi, si nilikwambia huyu ndiye mwalimu wangu?”

Mkuu wa maabara alivuta kiti, akavaa miwani.

“Hebu lirudieni jaribio, nione kwa macho yangu.”

Dole gumba lilikuwa jeusi hadi ukuchani.