Kurasa Zilizobanwa kwa Pini

Kanisa la Presbiteri lilikuwa linatimiza miaka mia, na Wamuyu ndiye aliyeteuliwa kuwasomea waumini kitabu cha kumbukumbu. Alipofika katikati, akakuta kurasa mbili zimebanwa kwa pini.

“Hapo ruka tu, mama,” Mzee Gatheru, kiongozi wa baraza la wazee, akamnong'oneza kutoka nyuma.

Wamuyu akatazama benchi la mlangoni, ambalo mama yake hajaliacha tangu atengwe na Meza ya Bwana akiwa na mimba yake huyu Wamuyu. Akaichomoa pini.

Humo, walioshtakiwa kwa mimba ile walikuwa wawili. Jina la Gatheru lilikuwa limekatwa kwa wino, lakini lilisomeka vizuri.

“Nimekwambia uruke!”

“Nimesikia, mzee.” Akakiinua kitabu. “Mwaka ule, baraza liliketi…”

Mama yake alikuwa ameshasimama, ameufunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.