Vichaka vya Nyuma ya Shule

Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji: ndani ya vichaka vya nyuma ya shule kuna mtu. Hakuna aliyemwona uso. Ila majani hutikisika hata kama hakuna upepo, na mpita njia mmoja alisikia kitu kikipumua. Wanawake wakacheka, mmoja akasema huenda ni mume wake anakwepa zamu ya kubeba ndoo. Mama hakucheka. Binti yake wa darasa la tano alipita hapo kila siku.

Aliyabeba maneno yale pamoja na ndoo. Akiosha vyombo, yapo. Akijilaza, yapo. Na dalili alikuwa nazo nyumbani kwake: siku hizi mtoto alichelewa kurudi, sweta limejaa vijani na miiba, akiulizwa anasema alikuwa anacheza. Chakula alikigusagusa tu.

Ahueni ilikuwa moja. Mume alikuwa safarini na lori, lakini mdogo wake aliishi nao, na huyo shemeji alijitolea kumpokea mtoto shuleni. Wala hakuombwa. Mara nyingi alirudi peke yake, amekunja uso, akisema wamepishana. Mama akamgombeza binti kwa kumsumbua baba yake mdogo. Mtoto akasema anaweza kurudi mwenyewe. Mama akamwita mkaidi.

Ndipo maneno yakafika halmashauri, nayo ikamtuma mpimaji. Vichaka vile vilishikilia udongo usiporomokee korongoni, kwa hiyo visingekatwa hivi hivi. Vingefyekwa tu kama majani yake yamefunika zaidi ya nusu ya eneo. Mpimaji alifunga ncha moja ya utepe kwenye kigingi, akaunyoosha juu ya vichaka, akatembea ameinama, akisoma pale majani yanapoanza chini yake na pale yanapoishia. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Mama alikuwa mfagiaji wa shule ile ile. Akajitokeza kabla mpimaji hajamaliza kuuliza.

Mistari ya kwanza ilipita kwenye uwazi mwingi. Mpimaji akasema kwa hali hii vichaka vitabaki. Basi kila alipoinama kusoma, mama akajisogeza upande, taratibu, mpaka utepe ukalalia palipofungamana majani.

Kwenye kichaka kikubwa kuliko vyote mpimaji akasimama, akafunua matawi. Ndani majani yalikuwa yamelaliwa, kama mahali kuku alipotagia. Kutoka pale ungeiona njia yote hadi geti la shule, na aliye njiani asikuone.

"Kweli kuna mtu hukaa hapa," akasema. "Lakini ni mdogo huyu. Au hukaa amekunja magoti."

"Si ndiye huyo wanayemsema," mama akajibu, akarudi nyuma hatua moja hadi utepe ukacheza. Mpimaji akamtania kwamba ashike vizuri, vichaka havimli mtu. Akainama tena. Mama akasogea tena.

Majibu yakatoka: zaidi ya nusu. Wafyekaji wakaja na mapanga, na kufikia mchana hapakuwa na cha kumficha hata panya. Kwenye foleni ya maji walimpisha mama achote kwanza. Wakati wa kula akampa binti yake habari ile kama zawadi.

Mtoto akaweka kijiko chini. "Vyote, mama?"

"Vyote. Hata kile kikubwa."

Shemeji akacheka, akajiongezea mchuzi. "Afadhali, shemeji. Sasa hatutapishana tena."

Siku iliyofuata mama aliwahi kumaliza kufagia, akasimama kwenye dirisha la darasa tupu ajionee kazi yake. Visiki na vumbi, mpaka ukingoni mwa korongo. Shemeji alikuwa amesimama njiani, mikono mifukoni. Kengele ikalia, watoto wakatawanyika. Binti akatoka getini, akamwona baba yake mdogo, akaacha njia. Alikimbia moja kwa moja mpaka pale palipokuwa na kile kichaka kikubwa, akachuchumaa katikati ya visiki, akakunja magoti, akajifunika kichwa kwa sweta.

Ufagio ulianguka. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, anakimbia.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Kubeba maneno ya kwenye foleni.

Kushika utepe wa kupimia ukiwa na hofu.

Kubandua vijani kwenye sweta la mtoto bila kuuliza alikuwa amekaa wapi, na kwa nini.

Kumshukuru anayempokea mwanao shuleni, kabla mwanao hajamshukuru.