Maswali Kumi kwa Mtoto Kiziwi

"Mlimuuliza kwa mdomo?"

Mwenyekiti wa kamati akashusha miwani. Mtetezi akarudia swali lake polepole, akiizuia hasira yake. Kazi yake ilikuwa kukaa na wazazi mbele ya watu kama hawa na kuyasema yale ambayo wazazi huyasahau wakishaiona meza ndefu. Leo alikaa na babu anayemlea mjukuu wake, msichana wa miaka saba, kiziwi tangu kuzaliwa. Shule ilikuwa imemtoa darasani. Barua ilisema kaulizwa maswali kumi, hakujibu hata moja, kwa hiyo hafundishiki. Kamati ikiipitisha barua hiyo, mtoto ndiyo basi tena, atazeekea nyumbani.

"Alisomewa kama watoto wote," alisema mwenyekiti. "Ndio utaratibu."

"Mmemsomea kiziwi. Akanyamaza. Mkaandika hana akili."

Karani akajitia kutafuta kalamu. Mwenyekiti akajitetea kwamba fomu ile waliikuta, ni ya miaka mingi, wao hujaza jina tu. Na babu naye, badala ya kukaa kimya, akamnong'oneza mtetezi wake asiwaonee watu hawa. Wanafuata utaratibu tu. Yeye ni mstaafu wa ofisi kama hizi, anawaelewa.

Mtetezi akamtazama mpaka mzee akainamisha macho. Hasira hii haikuwa ya leo. Ilianza siku mzee alipokuja kuomba msaada, akajaza karatasi na kutia sahihi kwa madaha, sahihi yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina na kulipigia mistari miwili. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa mtetezi. Alitaka kumwambia akatafute mtu mwingine huko. Kisha akamwona mtoto amekaa kwenye ngazi, anamtazama kila apitaye mdomoni, akajiuliza huyu naye kamkosea nani.

"Basi aulizwe tena," alisema. "Hapa hapa. Maswali yale yale."

Akafungua mlango, akamwita mwalimu wa lugha ya alama. Alikuwa binti wa miaka ishirini na ushei tu, kiziwi yeye mwenyewe. Akachuchumaa mbele ya mtoto, aliyeketi kando ya babu yake, akauliza kwa mikono, na mtetezi akawa anaifasiri mikono hiyo bila kusita. Mtoto alijibu tisa kama anayemenya karanga. La kumi liliuliza jogoo hufanya nini alfajiri. Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba jogoo hufungua mdomo.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivuta karatasi, akaandika kwamba mtoto arudi darasani kesho, na mwalimu wa alama apelekwe shuleni pale. Mtetezi alisimama juu yake mpaka muhuri ukagonga.

Nje kwenye korido, babu alikuwa analia waziwazi. Akamwomba mtetezi amuulizie yule binti asante inasemwaje. Binti akamwonyesha: kiganja kinatoka kidevuni, kinakwenda mbele. Mzee akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Binti akatabasamu, akamshika mtoto mkono, wakatoka uani.

"Yule binti ana kichwa," alisema babu, akijifuta uso. "Mwenzangu, wazazi wake walibahatika. Walipata watu wa kumwamini mapema."

Mtetezi alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, kuukuu ya miaka kumi na sita.

"Soma, mzee."

Babu akakaa kwenye benchi, akavaa miwani. Maneno aliyajua, ni yale yale ya ile barua ya mjukuu wake: kaulizwa maswali kumi, hakujibu hata moja, hafundishiki. Jina la mtoto lilikuwa la yule binti aliyetoka kumfundisha asante. Jina la mama lilikuwa la mtetezi. Kidole cha mzee kikaendelea kushuka hadi mwisho wa ukurasa, kikasimama juu ya sahihi yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina na kulipigia mistari miwili.