Chukua au Endelea

Kinuthia aliligonga kasha la televisheni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na uso wa Mulei ukatokea kwenye kioo, umepinda kidogo upande wa shavu. Hoteli nzima ikanyamaza. Hata waliokuwa wakikwangua matope ya viatu mlangoni waliacha.

Mbumbuni yote ilikuwa na televisheni moja, na hiyo moja ilikuwa imerudi jana tu kutoka kwa fundi Machakos. Ilitumia betri ya lori. Kinuthia, mtu wa Murang'a aliyekuja na biashara ya hoteli akakaa, ndiye aliyetuma habari kila boma: leo ni zamu ya Mwalimu Mulei kwenye kile kipindi cha maswali, njooni mapema.

Nzilani, mke wa Mulei, alipewa kiti cha mbele kabisa. Aliyekuwa amekikalia aliinuka bila kuambiwa. Mama mmoja wa kanisani akamgusa bega. Nzilani akakaza kitambaa chake kichwani. Alikuwa amekuja kuona kwa macho yake mwenyewe.

"Mji mkuu wa Chad?" mtangazaji aliuliza.

"Ndjamena," Mulei akajibu.

Watu wa studio wakapiga makofi. Hotelini mikono ilibaki mapajani.

Akili ya Mulei haikuwa na mashaka, mambo ya ramani aliyajua hata usingizini. Mashaka yalikuwa kwenye tamaa yake. Kabla ya kuokoka, huyu Mulei hakuweza kuona karata zikichezwa soko la Kathonzweni akapita. Mshahara wa mwalimu uliingia kwa mkono huu ukatokea kwa ule, na Nzilani akalala njaa si mara moja.

Na hii ya sasa haikuwa karata. Binti yao Mumbua alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akikimbiza kuku hatua chache tu, midomo ilikuwa inageuka rangi ya zambarau. Daktari wa Nairobi alisema apasuliwe kabla ya mvua, maana baridi ikimkuta vile hatavuka. Bei ilikuwa elfu thelathini na tano. Kanisa likafanya harambee, lakini mwaka ule mahindi yalikuwa yamekauka yote, na kilichopatikana kilitosha nauli ya Mwalimu kwenda kwenye kipindi, na shati jipya jeupe la kumpa heshima mbele ya kamera.

"Kujibu swali ni kipawa," Pasta Mwangangi alimwambia siku ya kuondoka, mbele ya waumini. "Lakini pesa ukishapewa, ukaziweka tena hatarini, hiyo ni kamari. Ni dhambi."

Mulei akaapa, mkono juu ya Biblia.

Sasa mtangazaji aliweka bunda la noti mezani. "Mwalimu, hizi elfu arobaini ni zako. Ukichukua, unaenda nazo nyumbani. Ukiendelea, ni swali moja tu, elfu themanini. Ukikosa, unatoka mikono mitupu. Unachukua au unaendelea?"

Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Lakini wahenga hawakuwahi kukalishwa chini ya zile taa. Jasho lilimtiririka Mulei likalowesha kola ya shati jeupe.

"Hiyo betri inaisha bure, Kinuthia," sauti ikasema kutoka nyuma. "Zima."

"Haiishi," Kinuthia akajibu. "Imechajiwa Mukuyuni leo."

Nzilani hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa kiti. Alijua hasikiki, alijua televisheni si simu, lakini midomo ilienda yenyewe.

"Chukua," alinong'ona. "Chukua, Baba Mumbua. Mara hii tu, usiwe mjinga. Chukua."

Nyuma yake mtu alianza kuomba kwa Kikamba, chini chini. Kwenye kioo Mulei alipangusa paji la uso. Akaziangalia noti.

"Mwalimu?" mtangazaji akasema.

"Nachukua."

Muziki ukalia. Mulei akalipokea bunda kwa mikono miwili, akacheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akalitia ndani ya shati na kulipapasa.

Hotelini hakuna aliyepiga makofi. Nzilani ndiye aliyegeuka kwanza, kisha wengine wote, kutazama benchi la nyuma karibu na mlango, alikokuwa ameketi mtu mwenye shati lile lile jeupe: mtu aliyerudi mwezi uliopita kutoka Nairobi, kulikorekodiwa kipindi, mikono mitupu, akaungama mbele ya kanisa zima kwamba alicheza kamari, kwamba aliendelea akakosa, nalo kanisa likalia naye, likamsamehe. Matope ya viatu vyake hayakuwa yamekauka, kwa kuwa alikuwa ameshinda akiliongezea udongo kaburi la Mumbua, lililotitia kwa mvua.