Ujumbe wa Saa Kumi na Moja

Dainess alikuwa akimnyonyesha binti yake kitandani alipokumbuka kidole chake kikibonyeza moja, kisha moja tena.

Jana jioni, kwenye kompyuta ya Linux ya chama cha wakulima wa chai, aliandika agizo lake la kwanza la crontab, ratiba ya kazi ambazo kompyuta hujifanyia yenyewe: kila siku, saa kumi na moja alfajiri, wakulima wa Ikuti, na yeye mwenyewe, watumiwe ujumbe wa mahali lori litakapopimia majani. Mpaka jana alikuwa akiutuma kwa mkono, akitoka alfajiri kwenda ofisini kwa chama na kumwacha mtoto analia.

Lakini kompyuta huanza kuhesabu saa kuanzia saa sita usiku. Kumi na moja yake ni saa tano asubuhi. Lori litakuwa limeshapita.

Zilibaki dakika tatu kufika saa kumi na moja alfajiri. Aliinuka, chuchu ikamponyoka mtoto, maziwa yakamdondokea shavuni.

"We mama, unakwenda wapi na mvua hii?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni. "Hako kamashine si ulisema kameshajua kazi?"

"Kanajua, mama. Mimi ndiye niliyekosea."

Alishavaa kiatu kimoja simu ilipotetemeka. Lori lingepimia Ikuti, kituo cha juu. Saa kumi na moja kamili.

Ukafuata ujumbe wa pili, kutoka kwa mwalimu wake wa masomo ya jioni, ambaye ndiye huiangalia kompyuta ile: "Dada, jana nilipitia agizo lako. Kumi na moja nimeifanya tano. Hata mimi nilianza hivyohivyo. Nyonyesha mtoto."

"Ndaga fijo," Dainess alimshukuru mtu asiyekuwepo, akavua kiatu.