Siku Tatu za Ukungu

Chupa thelathini zilikuwa zimeota ukungu tena, na Teresa alikuwa ameshaanza kuvua aproni yake.

"Ni nani aliyeosha hizi?" Daktari Mutua aliuliza, ingawa alijua.

Kazi ya Teresa ilikuwa kuosha chupa na kuzichemsha. Kazi ya Zilpa ilikuwa kukata majani ya mrehani, vipande vidogo kama punje za mtama, na kuvipanda ndani ya chupa juu ya uji mzito wa sukari. Vikikua humo bila udongo, vilitoa dawa ya kuzuia mafuta ya simsim yasiharibike upesi. Vikiota ukungu, vilitupwa.

"Nilichemsha, Daktari. Haki ya Mungu nilichemsha."

"Miezi minne mfululizo! Wageni wa Nairobi wakikuta takataka hii, watafunga maabara hii. Nenda nyumbani, mama. Urudi sokoni kuuza samaki wako wa omena."

Teresa aliokota kikapu chake. Alikuwa na watoto wanne. Mume wake alivuka mpaka wa Malaba na lori mwaka wa sabini na sita, na mpaka leo hajarudi.

Zilpa aliangalia sakafu. Tangu Januari alikuwa akiweka alama kwenye kalenda ya kanisa. Kila mwezi ni chupa za siku tatu tu zinazoharibika, na siku hizo alizijua mwilini mwake. Kwao Bumala, msichana aliye mwezini hapiti kwenye shamba la njugu. Majani yatanyauka. Mama yake humwambia azunguke na barabara, hata kukiwa na matope.

Sasa atamwambiaje mwanaume jambo kama hilo? Tena mwanaume mwenye tai!

Teresa alikuwa amefika mlangoni na kikapu chake.

"Si yeye," Zilpa alisema. Sauti ilitoka kidogo. "Ni mimi, Daktari."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikuwa na... nilikuwa na siku zangu."

Daktari alikohoa, akageukia dirisha.

"Wee msichana, nyamaza," Teresa alinong'ona. "Utatuaibisha sote."

Lakini Zilpa alikuwa ameshaanza. Alitaja tarehe zote, mwezi baada ya mwezi. Daktari alifungua daftari lake la chupa zilizoharibika, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Zililingana, hata moja haikukosa. Masikio ya Zilpa yalikuwa yanawaka moto. Alitamani sakafu ipasuke.

"Kwa hivyo," Daktari alisema polepole, "siku zote hizo uliingia hapa, ukashika kisu changu, ukakata majani, na ukanyamaza?"

"Aka, Daktari! Ningethubutu aje?" Machozi yalimtoka. "Kisu sikugusa. Nilikwambia naumwa kichwa, nikasimama pale mlangoni tu, nikikuangalia wewe ukikata."